Aliyeshika Reli ya Ngazi

Reli ya ngazi ilikuwa na joto. Halikuwa joto la hita, maana hita za jengo lile zilikuwa na desturi ya kufa kila ifikapo Februari. Lilikuwa joto la kitu kilichotoka kushikwa sasa hivi na mtu mwenye homa. Deus Rwechungura akauondoa mkono, akautazama, akajicheka, kisha akaishika tena. Hakuwa na hiari. Katika kampuni ile, kushuka ngazi bila kushika reli lilikuwa kosa la kuitwa na wakubwa.

Asiyewahi kufanya kazi katika ofisi za mafuta za London atadhani tunatia chumvi. Wallahi hatutii. Mle ndani watu wazima walibeba chai yenye kifuniko, kama watoto wa chekechea. Kila mkutano ulifunguliwa kwa dakika ya usalama, kama kwetu unavyofunguliwa kwa sala: mmoja alisimama akawaonya wenzake juu ya hatari fulani, na mwanzoni mwa mwaka ule wa 2003 hatari iliyotisha kuliko zote ilikuwa kamba za viatu. Deus alikuwa mshauri wa usalama. Alikuwa Mhaya wa Kanyigo, mwenye kitambi cha heshima na pasipoti iliyochakaa kwa mihuri, na mambo hayo yalikuwa yamemwingia damuni hata nyumbani kwake Thornton Heath alishika reli akienda kulala.

Kesho yake reli ikawa na vidole.

Aliviona? Hapana, na hilo ndilo lililomtoa jasho. Alitelemsha kiganja kwenye chuma, na chini ya kiganja kulikuwa na kiganja kingine, kibichi, chenye kunata, kikishuka naye ngazi kwa ngazi. Alipofika chini akakivuta chake. Kikang'ang'ania kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno.

Neno lenyewe Deus alilijua. Mwezi uliopita, bohari la kampuni la mitungi ya gesi huko Kilomoni, nyumbani Tanzania, lilikuwa limewaka moto na kumuua Francis Malugu, fundi wa zamu. Kabla ya hapo Deus alikuwa amekwenda kulikagua bohari hilo, na Francis akamvuta pembeni kumwonyesha king'ora cha gesi kilichozimwa. Kilikuwa kinalia gesi ikivuja, na kikilia malori husimama.

"Kikilia wanakasirika wao, bosi," Francis alimwambia. "Kikinyamaza naogopa mimi."

Deus alilileta neno hilo London. Mkuu wake, Yogesh, akalipandisha ghorofa ya juu. Ghorofa ya juu ikasema tuvute subira. Francis akaungua. Baada ya mazishi kuta zilipakwa rangi mpya, king'ora kikaachwa bubu vilevile, na bohari likapangiwa kufunguliwa Ijumaa mchana. Kilichobaki ni idara ya usalama kusema "sawa" mkutanoni Ijumaa asubuhi. Deus akisema "si sawa," kazi hana. Akisema "sawa," wenzake Francis wataingia mle ndani.

Jumatano jioni harufu ilifika Thornton Heath.

"Baba Lydia, umekula nini leo?" Generosa, mkewe, aliuliza akiziba pua.

"Maharage ya kopo."

"Nimeishi nawe na maharage yako miaka yote, nayajua. Hii ni gesi."

Jiko lilikuwa limezimwa. Deus alipiga magoti, akanusa nyuma ya jiko kama paka, hakukuta kitu. Ile harufu ya yai viza haikutoka jikoni. Ilikuwa inashuka ngazi. Nayo ikishuka alikuwa akishuka Lydia, binti yao, mkono mmoja kwenye reli, taa ya ngazini imezimika, akiimba.

"Huogopi giza, mama?" Generosa alimuuliza.

Lydia akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba haogopi tena, kwa sababu yule mjomba wa kwenye ngazi humshika mkono asianguke. Ni mjomba mzuri, ila hasemi, anapumua tu, na ngozi yake inabanduka. Akawanyoshea kiganja waone. Na Deus, ambaye maishani mwake alikuwa amevuka Sahara kwa lori na kulala rumande Khartoum bila kupoteza hamu ya kula, aliinama kukitazama kiganja kile cha mwanawe, akaona juu yake kitu chembamba kama ganda la kitunguu, kimeungua pembeni, kikitikisika kwa pumzi zake mwenyewe, na usiku ule hakula kitu.

Alhamisi asubuhi alimkuta Yogesh ofisini akishuka katikati ya ngazi, mikono mfukoni. Yogesh huyuhuyu, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Tooting, mhubiri mkuu wa reli!

"Mzee! Reli!"

"Ishike wewe," Yogesh alinong'ona.

Deus akamsogelea.

"Na wewe?"

"Tangu juzi. Hunishika kwa vidole vitatu tu, Deus bwana. Vile vingine havipo." Akatazama nyuma. "Daksha asema nanuka mayai yaliyooza. Mke wangu mwenyewe! Kanifukuza chumbani, nalala kwenye kochi kama mgeni."

"Tufanyeje?"

"Kuna mama mmoja Woolwich, mganga wa Unguja. Kavae koti lako."

Bi Zuwena alipanga chumba juu ya duka la vitenge, karibu na soko. Aliwapokea akiwa amevaa soksi mbili mbili na kanga juu ya sweta.

"Mhaya na Mhindi!" alisema. "Jini gani huyu asiyebagua? Haya, wanangu, kaeni."

Akawasha jiko dogo la makaa, akamwaga ubani. Moshi ulipanda vizuri, wa buluu, hata Deus akaanza kujisikia yuko mahali pa kuaminika. Ndipo kile kidude cha darini cha kunusa moshi kikapiga kelele ya kupasua masikio.

"Kila siku kinaniaibisha mbele ya wageni!" Bi Zuwena akapanda juu ya kiti, akakifungua, akang'oa betri. "Haya. Sasa tuna amani."

Hapakuwa na amani. Kelele ilipokatika kulikuja kimya kizito, na ndani ya kimya hicho ile harufu, ikauzidi ubani nguvu, ikajaza chumba mpaka wakatokwa na machozi. Makaa yakawaka ghafla kwa moto wa kijani, kioo cha dirisha kikatoka jasho, na Yogesh, aliyekuwa ameketi kimya na magoti yamebanana kama mtoto anayengoja sindano, akafunua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa yake wala haikuwa ya Mombasa. Ilikuwa ya bara, nzito, yenye mkwaruzo wa koo lililomeza moto.

"Mbona mmekinyamazisha?"

Bi Zuwena alijikaza, akafuata desturi. "Nani wewe? Sema utakacho. Marashi? Kitambaa chekundu? Damu ya kuku?"

"Kirudisheni."

"Nini, baba?"

"Kirudisheni kilie."

Bi Zuwena akapanda tena kitini, betri ikamwanguka mara mbili kabla ya kuingia. Kidude kikalia. Yogesh akaanguka ubavu, akikohoa, akimwita mama yake kwa Kigujarati.

Bi Zuwena alifungua dirisha. Utani ulikuwa umemwisha.

"Huyu si jini wa kupungwa," alisema polepole. "Huyu ni mtu. Mmemfanya nini?"

Deus akachukua koti lake.

"Basi mimi sina dawa. Nendeni mkafanye mlichoacha."

Ijumaa, zamu ya dakika ya usalama ilikuwa ya Deus. Alisimama mbele ya mkurugenzi na wakubwa wenzake, akafikiria mkopo wa nyumba, kisha akamfikiria Lydia.

"Leo sisemi juu ya kamba za viatu," alianza. Akasema kwamba king'ora cha Kilomoni kimezimwa, kwamba Francis aliwaambia, kwamba wote waliomo chumbani walijua, na mchana huu watu wataingizwa tena.

Mkurugenzi akatabasamu, tabasamu la mtu mzima mtoto anapolia kanisani. Alisema jambo hilo litaangaliwa bohari likishafunguliwa.

"Idara yangu haikubali," Yogesh alisema.

Mkurugenzi alimjibu kwamba malori yako njiani tayari.

Deus hakungoja tena. Aliivuta simu ya katikati ya meza, ile ya spika inayosikika na wote, akampigia Vaileth, msimamizi wa zamu kule Kilomoni.

"Dada Vaileth, ni Deus wa London. Watoe watu wote nje sasa hivi. Msifungue."

"Mbona mnapiga tena, kaka Deus? Sisi tuko nje ya geti tangu asubuhi."

"Nani kawapigia?"

"Si mtu wa hapohapo ofisini kwenu? Mwanzo nilimtukana, nikadhani mhuni ananichezea." Sauti yake ikashuka. "Nimefanya kazi na Francis tangu bohari linajengwa, kaka. Namjua hata anavyokohoa."

"Amesema nini?"

"Amesema tutoke, tusiwangojee nyinyi."

Mkurugenzi akauliza mama huyo anasema nini. Yogesh alimfasiria yote kwa Kiingereza, hakuruka kitu.

Vaileth alikata simu. Taa nyekundu ya spika haikuzimika. Kwenye laini kulibaki pumzi, zikienda na kurudi, kama mtu anayepumua kupitia nguo mbichi, na harufu ya yai viza ikaanza kutambaa juu ya meza ile ya mninga, kutoka kiti hadi kiti, mpaka ikamfikia mkurugenzi. Uso ukamkauka. Bila kuinua macho alisema malori yarudishwe, na fundi atafutwe wa kukitengeneza king'ora kwanza.

Deus akainamia simu. "Umesikia, Francis?" alisema taratibu. "Wamekubali."

Pumzi zikasita, kama mtu anayepima neno hilo. Kisha zikaendelea.

Hakuna aliyethubutu kuibonyeza ile simu, wala kuinuka. Wakakaa hivyo, wakubwa wa kampuni, mikono juu ya meza, wakimsikiliza mtu akipumua, mpaka fundi apatikane.