Baba Kwenye Mstari wa Nyuma

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alipitia kwanza kibandani kwa baba yake. Baba alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye kigoda tangu asubuhi, mgongo umepinda, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Yeye ndiye aliyempa binti yake jina hilo la Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Haya, nisimulie ya shuleni," alimwambia. "Mikono ndiyo yenye kazi, masikio yako huru."

Jioni walipanda ngazi pamoja kwenda nyumbani, ghorofa ya tatu. Baba alisimama kila ghorofa, akajipapasa mifukoni kana kwamba anatafuta funguo. Chiriku alikuwa nazo mkononi. Aliisikia pumzi ya baba ikikwaruza kama msumeno.

Siku moja walikwenda zahanati, muuguzi alimpima baba akakuta shinikizo la damu liko juu. Alimpa vidonge, kisha akamwambia, "Dawa itafanya sehemu yake, fundi. Sehemu nyingine ni ya miguu yako. Nenda pale ukumbini kwenye mazoezi ya kucheza muziki."

"Aerobiki?" Baba alicheka. "Mimi nikarukeruke mbele za watu na tumbo hili?"

Hata hivyo alikwenda, Chiriku akamsindikiza na kukaa kwenye benchi. Mwalimu wa mazoezi, mama mwenye mvi na sauti ya kuamsha mtaa, aliwaanzisha watu polepole: kuzungusha mabega, kunyoosha mikono, kukanyaga pale pale. Muziki ulipochanganya, watu walikwenda kulia, baba akaenda kushoto na kumgonga jirani yake.

"Samahani, mama! Mguu huu haujasoma!"

Ukumbi mzima ulicheka, na baba naye akacheka. Mwalimu alimsogelea. "Fundi, unaweza kuongea?"

"Naweza… ila si… hotuba."

"Basi mwendo wako ni huo huo. Ukishindwa kuongea, punguza. Ukiona unaweza kuimba, ongeza."

Walipopoa, mwalimu aliviweka vidole vya Chiriku kwenye kifundo cha mkono wa baba. Mshipa uligonga haraka, kisha ukatulia taratibu.

"Unausikia? Moyo ni msuli, kama ule wa paja," mwalimu alieleza. "Ukiufanyisha kazi mara kwa mara unapata nguvu. Mwishowe pigo moja linasukuma damu nyingi kuliko zamani, na moyo hauna haja ya kuhangaika."

Kesho yake baba alitembea kama bata, akilalamika kwamba mapaja yamegoma. Lakini maumivu yaliisha, na mabadiliko yakaja kimya kimya. Alilala usingizi mzito. Mgongo ulipunguza kuuma. Ngazini aliacha kutafuta funguo.

Kisha siku moja rafiki yake Chiriku, msichana aliyeitwa Kengele, alichungulia dirishani mwa ukumbi. Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya darasa, akatoa tumbo nje na kumwiga baba akikosea hatua. Darasa liliangua kicheko. Chiriku aliinamisha kichwa juu ya daftari lake.

Mchana ule alimwambia baba, "Mwalimu wa mazoezi amesafiri. Hakuna kucheza mpaka tutakapoambiwa."

"Lo, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nazizoea zile hatua," baba alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Majuma yakapita. Baba akawa mtu wa kigoda tena, na pumzi ikarudia kukwaruza. Chiriku aliona yote hayo. Kila siku alijiambia atasema kesho.

Alasiri moja baba alibeba robota la vitambaa kulipeleka kibandani. Alifika mlangoni, akaliachia, akakaa chini. Jasho lilimtoka, kichwa kikamzunguka. Majirani walimshika mkono wakampeleka zahanati, Chiriku akiwafuata nyuma.

"Shinikizo la damu limepanda tena," muuguzi alisema. "Dawa umemeza?"

"Kila siku."

"Na mazoezi?"

"Mwalimu alisafiri. Binti yangu ndiye aliyeniletea habari."

"Hakusafiri," Chiriku alisema. Machozi yalimwagika. "Nilidanganya, baba. Kengele alikuchungulia dirishani, wakakucheka darasani."

Baba alimgeukia. "Ulinionea haya?"

"Ndiyo, baba."

"Hata mimi nilijionea haya siku ya kwanza," alisema taratibu. "Ungeniambia, mwanangu, tungeona haya pamoja, kisha tungeendelea kucheza."

Maneno hayo yalimuuma Chiriku kuliko kiboko.

Muuguzi alipomruhusu, baba alirudi ukumbini, akaanza upya kwa hatua ndogo. Safari hii Chiriku hakukaa kwenye benchi. Alisimama mstari wa nyuma, bega kwa bega na baba yake. Kengele alipotokea tena dirishani, mwalimu alimwita, "Wewe wa dirishani, ingia! Nafasi ipo."

Kengele aliingia kwa mbwembwe. Nyimbo chache tu, akashika magoti akihema.

"Pole, mwanangu," baba alimwambia. "Hebu ongea kidogo tukusikie."

Kengele alifungua mdomo, neno halikutoka. Pumzi ilipomrudia, alisema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, baba. Sikujua kama ni kazi."

Baada ya miezi michache muuguzi alimpima tena baba, akatabasamu. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka. Ndipo alipomgeukia Chiriku.

"Baba yako ataendelea na vidonge, na ataendelea kucheza. Nguvu za mwili haziwekwi akiba. Ukiutumia mwili unaimarika, ukiukalisha unadhoofika, na haujali nani anachungulia dirishani. Wanaokucheka leo, kesho watasahau. Lakini uongo wako ulimrudisha mzazi wako kwenye kigoda, na moyo wake ndio uliobeba mzigo. Ukiona haya, sema. Haya haijamuua mtu."

"Nimeelewa, dada," Chiriku alijibu.

Walipotoka nje, baba alianza kupiga mluzi wimbo wa mazoezi. Aliupiga wote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kusimama kuvuta pumzi, na watu wa barabarani wakageuka kumtazama. Chiriku alimshika mkono, akatembea naye katikati ya njia, kichwa juu.