Jiwe Lisilokata

Kila asubuhi, watoto wa darasa la Madame Lucie katika mtaa wa Majengo walitandika mikeka yao sakafuni na kuchagua kazi. Umuhire, aliyetoka kwenye shule yenye madawati, alitandika wake huku amebetua midomo. Mwalimu anayekaa chini na watoto alikuwa mwalimu gani?

Siku moja Madame Lucie alikunjua kitambaa cheusi kirefu kutoka darasani hadi uani. Katikati palichorwa mkono ulioshika jiwe. Mwishoni kabisa kulikuwa na utepe mwembamba mwekundu.

"Utepe huu ni muda ambao watu wamejua kuandika," alisema. "Sehemu yote nyeusi, waliishi kwa kazi ya mikono."

"Miaka yote ile na jiwe tu," Umuhire alicheka. "Batu bajinga kabisa."

Madame Lucie hakumkemea. "Basi Ijumaa utawaeleza watoto wa darasa la wadogo habari za watu hao wa kale, wazazi wakiwepo. Wewe na Niyigena mtengeneze jiwe kama lao, mkate nalo kamba ya mgomba."

Umuhire alimtazama Niyigena, msichana mkimya aliyehamia kutoka milima ya Masisi, akaguna. Mwenzi gani huyu?

Wakati wa mapumziko waligonga mawe ya volkano nyuma ya darasa. La Umuhire lilivunjika vipande vipande, kisha akajigonga kidole gumba.

"Kazi ya bapumbavu," alisema, akaondoka. Niyigena alibaki akigonga, akiharibu jiwe moja baada ya jingine. Nyumbani Umuhire aliokota jiwe zuri laini, akaikata kamba kwa wembe.

Ijumaa alizungumza kwa madaha. Aliwaita watu wa kale washamba, akainua jiwe na vipande vya kamba. Baba yake alitabasamu. Ndipo Élodie, mtoto wa darasa la wadogo, akamnyooshea kamba nyingine.

"Yaya Umuhire," alisema, akimwita kwa heshima kama mkubwa wake, "kata na hii tuone."

Umuhire alisugua, akasugua tena. Kamba haikukatika hata uzi mmoja.

"Jiwe yako haina meno," Élodie alisema. Watu wakacheka.

Umuhire alitaka kusema kamba ilikuwa mbichi. Alimwangalia baba yake. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Ile ingine nilikata na wembe," alisema kwa sauti ndogo. "Jiwe ilinishinda. Niyigena, kuja utuonyeshe."

Niyigena alitoa jiwe baya, lililomeguka upande mmoja. Aliikata kamba hadi nusu, kisha akamwekea Umuhire jiwe mkononi.

"Shika hivi. Usikandamize sana."

Pole pole, kamba ikakatika.

Wageni walipoondoka, Madame Lucie alimketisha Umuhire karibu naye kwenye mkeka.

"Umesema kweli mbele ya watu, na hilo nimelipenda. Lakini uliwadharau watu ambao kazi yao hukuijua, na ilipokushinda ukadanganya badala ya kumuuliza mwenzako. Wale wa kale waliulizana, wakafundishana. Ndiyo maana mimi na wewe tupo hapa."