Aliyekufa Chini ya Koo

Doña Casimira aliona llama wake, wanyama wake wa mizigo, wamesimama, hawataki kusonga. Ilikuwa saa moja asubuhi na barafu ilikuwa bado imeganda kwenye mawe. Aliposogea akamkuta mpwa wake, Edwin Larico, amelala kifudifudi chini ya genge, na baiskeli yake imepondeka kando. Hakupiga kelele. Alimfunika kwanza, ndipo akashuka kijijini kuita watu.

Hadi saa nne kijiji kilikuwa kimeshahukumu. Franz Aruquipa, kijana mpanda baiskeli aliyegombana na Edwin, alifungiwa kwenye ghala la viazi, na wanaume wenye mijeledi wakakaa mlangoni. Mkutano ungeanza saa nane. Luteni Nieves Calcina, aliyepanda kutoka La Paz na askari mmoja tu, alijua mkutano wa namna ile huweza kuishaje. Mwaka uliopita alifika kijiji kingine amechelewa, na hakutaka kurudia kuona alichokiona kule.

Alianzia kwa maiti. Edwin alikuwa na jeraha moja zito kisogoni, lakini viganja vyake havikuwa na hata mchubuko.

"Anayeanguka na baiskeli hutanguliza mikono," alimwambia Casimira. "Huyu alipigwa kwanza, kisha akasukumwa."

Baiskeli ilikuwa ya masafa, ya kukimbilia njia tambarare: nyepesi, tairi nyembamba, kiti kimepandishwa juu kabisa. Na njia iliyopita juu ya genge lile ndiyo waliyoiita Koo, ngazi za mawe za kale na kona zinazoning'inia hewani. Nieves akapitisha kidole kwenye rimu ya mbele. Ilinata. Ya nyuma nayo ilinata. Alinusa.

"Bia. Alikuwa akinywa?"

"Tangu Rolando afe hajaonja hata tone," Casimira alisema. "Aliokoka. Hata Pachamama, Mama Ardhi wetu, aliacha kummwagia kinywaji, watu wakamcheka. Na kwenye Koo hakuwahi kushuka tena. Alikuja huku juu kila mwezi kumwombea yule mtoto, anaikokota baiskeli, haipandi."

Rolando alikuwa mtoto wa pekee wa Don Eulogio, dereva wa lori la kupandishia baiskeli. Miaka miwili nyuma alishuka Koo kwa baiskeli ya masafa ya Edwin, kiti kikiwa juu kabisa, akarushwa juu ya usukani. Edwin alisimama mbele ya kijiji akasema yeye ndiye aliyemwazimisha.

Ghalani Franz alikuwa na mdomo uliopasuka.

"Uliapa kumvunja shingo," Nieves alisema.

"Niliapa, Luteni, mdomo uliniponza. Alitaka Koo ifungwe. Sasa sisi watu wa mteremko twende wapi? Njia ya ziwa? Ile ni ya watu wa masafa, kukanyaga pedali kutwa kama unasaga mahindi! Baiskeli yangu ina uzito wa ndama, kule itaniua kwa kuchoka."

"Kabla ya kushuka humpa nini Pachamama?"

"Spiriti, kama sisi sote. Tone chini, tone kwenye tairi la mbele, funda langu."

"Si bia?"

Franz alicheka, akashika mdomo kwa maumivu. "Bia? Ichuruzike mpaka kwenye breki, nifike kona ya kwanza nimeshakuwa marehemu? Hakuna mpanda baiskeli mjinga hivyo, Luteni. Wanaomwaga bia ni madereva."

Nieves alitoka. Nje, Don Eulogio alikuwa amewasha lori, akajitolea kumpandisha juu aone mwenyewe. Kabla ya kuingia alifungua chupa ya bia, akazunguka lori akimwagia tairi moja baada ya jingine, polepole, kofia mkononi.

"Mzee wangu," Nieves alisema, "zima injini."

Alizima.

"Aliyemuua Edwin aliimwagia baiskeli bia magurudumu yote mawili. Mpanda baiskeli asingethubutu. Na kiti kilipandishwa juu, jinsi kilivyokuwa siku aliyokufa Rolando. Kwa nini uliimwagia?"

Mzee alitazama chupa yake. Watu walianza kusogea.

"Don Eulogio, saa nane watamchapa Franz mpaka afe. Utakaa hapo hapo utazame?"

"Huwezi kumtupia Pachamama kitu bila kumnywesha," alisema hatimaye. "Atakasirika. Mkono ulikwenda wenyewe." Akaivaa kofia yake. "Nilimpiga kwa spana ya magurudumu. Alimpa mwanangu baiskeli ya kukimbilia tambarare, akamwacha aende Koo. Nilitaka afe hivyo hivyo, na watu waone."

Nieves aliagiza Franz atolewe. Kijana alipoelezwa, hakumtukana mzee. Alimtazama kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mzee, Edwin hakumpa. Rolando aliruka ukuta usiku akaichukua. Sisi tulijua. Edwin alituapisha tusiseme, usije ukamzika mwanao huku unaambiwa ni mwizi."

"Mwongo wewe!"

"Mimi na Edwin tulikuwa hatupatani, mzee. Nimtetee ili iweje?"

Don Eulogio alikaa chini, mgongo kwenye tairi. Askari alikuja na pingu, Nieves akamzuia kidogo kwa mkono.

"Pale juu aliniambia, 'Nisamehe, mzee,'" Eulogio alisema. "Mara mbili. Kama hakukosa, aliomba msamaha wa nini?"

Wanaume waliinamisha vichwa. Casimira ndiye aliyepita katikati yao, akasimama mbele yake.

"Kwa sababu ulikuwa unalia, Eulogio," alisema.