Jiko la Watu wa Msibani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, napita kwa kaka yangu na chupa ya chai. Nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Namkuta ameshaamka, amekaa kwenye benchi la uani, koti begani. Namsalimu, anaitikia. Wakati ule alipofiwa nilikuwa namuuliza kama alikula jana usiku, naye anasema alikula. Mwongo mkubwa. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa tu.

Kaka ni seremala mstaafu. Benchi lile alilichonga mwenyewe, na milango yote, na kabati la jikoni. Ila jikoni kwenyewe alikuwa haingii. Mke wake, yaani wifi yangu, alifia humo. Alikuwa anamenya vitunguu, akasema kichwa kinamuuma, akaanguka. Kaka ndiye aliyemwinua sakafuni. Tangu siku hiyo alikuwa akifika kwenye mlango wa jikoni, anageuka.

Msiniulize kwa nini sikumpikia. Mimi ni mshonaji kiwandani, naingia asubuhi, natoka jioni. Na kila nilipompelekea chakula, alinirudishia bakuli likiwa limejaa. Alisema hataki kulishwa kama mgonjwa. Huyo ndiye kaka yangu, kichwa kigumu tangu utotoni.

Kitu kimoja tu alijua kupika, nacho ni nyama ya kuchoma. Jumapili alikuwa anawasha mkaa uani, wifi anaandaa mboga ndani, na sisi tunakula mpaka jua linazama. Lakini vumbi la mbao lilimharibu kifua. Daktari alimwambia waziwazi kwamba moshi wa mkaa auache kabisa. Basi akabaki hana jiko la ndani wala la nje.

Ana watoto wawili. Binti yake ni muuguzi, anaishi mji mwingine, ghorofani. Kijana wake ni dereva wa lori, leo yuko huku, kesho kule. Kijana huyu ndiye aliyenunua jiko.

Alilinunua juma lile lile tulipomzika mama yake. Nyumba ilikuwa imejaa watu mpaka barabarani. Kijana aliwatazama watu wale, akamtazama baba yake, akasema sasa baba apate jiko la gesi la kuchomea nyama. Halina moshi wa mkaa, na familia ikikutana, litawatosha wote. Nia yake ilikuwa njema. Lakini jiko aliloleta lilikuwa refu kama kitanda. Lilikuwa na vichomeo sita, yaani yale mabomba yanayotoa moto chini ya wavu. Watu wa msibani walilizunguka wakalisifia. Kisha kila mmoja akaenda kwenye shughuli zake, na kaka akabaki peke yake na jiko la umati.

Alijaribu, simsingizii. Mfuniko ulikuwa mzito, akiuinua anahema. Aliwasha vichomeo vyote sita, kwa sababu hakuna aliyemwambia vinginevyo. Kisha anaweka kipande kimoja cha nyama pembeni. Nje kinaungua, ndani kibichi. Na mtungi wa gesi ulikuwa unaisha upesi ajabu. Siku moja nilimkuta amekaa tu, anakitazama kipande chake kilichoungua.

"Jiko hili linataka watu," aliniambia. "Mimi sina watu."

Nilimmiminia chai, nikaenda kazini, moyo ukiniuma siku nzima.

Balaa lenyewe lilikuja jioni moja. Mafuta ya nyama hudondokea kwenye trei iliyo chini ya vichomeo. Trei hiyo inatakiwa kutolewa na kusafishwa. Ya jiko lile ilikuwa nyuma, lazima upige magoti uingize mkono. Kaka hakujua hata kama ipo. Mafuta yakajaa, yakashika moto. Yeye akachukua ndoo ya maji akamwaga. Moto ukaruka juu, ukamuunguza mkono kuanzia kiganja mpaka kwenye kiwiko.

Jirani yake alimsikia akipiga kelele. Jirani huyu tunamwita Mama Mapacha. Ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda chetu, na nyama anachoma kwa gesi miaka yote. Alizunguka upande wa mtungi ambako moto haukufika, akaufunga. Akausukuma mfuniko kwa mpini wa fagio ukajifunga, akasogea mbali. Moto ukakosa hewa, ukafa. Kisha akamshika kaka, akampeleka bombani, akauacha mkono wake chini ya maji yanayotiririka kwa muda mrefu, ndipo wakaenda zahanati.

Binti alifika kesho yake. Aliutazama mkono wa baba yake, bandeji yote. Akatazama kola ya shati, jinsi ilivyokuwa pana shingoni. Alinivuta kando, karibu na kamba ya nguo.

"Shangazi, namchukua Baba."

"Umpeleke wapi? Kule ghorofani?"

"Kule kule. Mwezi ujao ndugu wote watakutana hapa. Kama nikija na kukuta bado hali chakula, anaondoka na mimi. Nyumba tutaipangisha."

Alikuwa hanitazami usoni. Yeye ni muuguzi, anajua mzee akitolewa kwake anakuwaje. Wifi nimeshamzika. Kaka akienda kukaa kwenye chumba cha ghorofani, bila ua, bila benchi, bila mtu wa kugombana naye asubuhi, hatamaliza mwaka. Niliingia ndani nikalia peke yangu.

Siku ya tatu Mama Mapacha alikuja kumjulia hali. Binti alikuwa amesharudi kazini kwake, na kijana alikuwa amefika na lori lake. Tulikuwa uani sote wanne, kila mtu ameshika tama. Mama Mapacha alimwamkia kaka, akaliangalia lile jiko, akalizunguka.

"Nani alilichagua?" aliuliza.

Kijana akasema ni yeye.

"Ulilipimia watu gani?"

Kijana akasema ukoo wote, wale waliokuja msibani.

"Na siku ya kawaida, hapa anakula nani?"

Kaka akajibu, "Mimi."

"Basi jiko linapimwa kwa mzee," alisema Mama Mapacha. "Wageni wanakuja mara chache kwa mwaka. Hao tutawapangia zamu."

Kijana aliinama. Alisema alitaka tu baba yake asipungukiwe. Kaka akamwambia, "Najua, mwanangu," kwa sauti ya chini, na mimi nikatazama pembeni.

Mama Mapacha akatueleza, pole pole, wala hakutuona wajinga. Alisema jiko la vichomeo sita si baya, ni la kazi nyingine. Familia inayokula kidogo kila siku, na kukaribisha watu mara moja moja, vichomeo vitatu vinaitosha. Muhimu ni kila kichomeo kiwe na kitufe chake. Mtu akiwa peke yake, anawasha kimoja. Watoto wakija, viwili. Ukoo ukija, vyote, na nyama inachomwa kwa awamu. Awamu ya kwanza ikiiva inahamishiwa kwenye sufuria safi lenye mfuniko, ya pili inapanda. Hakuna mtu anayekula vipande kumi kwa mkupuo, alisema, labda wale wanawe mapacha.

Hapo kaka alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, na alinyamaza haraka kama mtu aliyekosea.

Jiko lile kubwa lilichukuliwa na kantini. Huko walaji wapo kila siku, na wapishi ni vijana wenye nguvu zao. Kwa jiko jipya, Mama Mapacha alishikilia jambo moja tu, kwamba kaka aende dukani mwenyewe. Kijana alisema baba anaumwa mkono, apumzike. Mama Mapacha akasema mpishi ni mzee mwenyewe, asipolishika leo kwa mkono wake, tutarudi kulekule.

Dukani muuzaji alituonyesha jiko linalong'aa, lenye taa kwenye vitufe. Alilisifia mpaka mate yakamkauka. Mama Mapacha akamsikiliza kwa adabu, kisha akamwomba kaka alitikise. Kaka alilishika pembeni kwa ule mkono mzima. Likayumba. Akainama, akaangalia chini, akagonga mguu mmoja kwa kidole.

"Viungo vimelegea," alisema. "Hili haliishi miaka miwili."

Nilimtazama. Ile ilikuwa sauti yake ya kazini, ya karakana. Sikuwa nimeisikia siku nyingi, na nilijikaza kisabuni nisitoe machozi mbele ya muuzaji.

Tukaenda kwa jingine, lisilo na taa. Miguu yake imesimama imara. Wavu ni wa chuma kizito, unashika joto vizuri. Kaka aliinua mfuniko kwa mkono mmoja, hakuhema. Akafungua na kufunga vitufe vitatu, kimoja kimoja. Mama Mapacha akamwambia avute trei ya mafuta. Ilitoka kwa mbele, bila kupiga magoti. Mwisho akatuonyesha kwamba mfuniko una kina, kuku mzima anaenea chini yake.

"Unataka hili?" kijana alimuuliza baba yake. Kaka akaitikia kwa kichwa. Ndilo tulilobeba.

Nyumbani Mama Mapacha hakukubali liwashwe hivi hivi. Liliwekwa uani, mbali na ukuta, mbali na kamba ya nguo. Jiko la namna hii haliwashwi ndani ya nyumba wala kwenye kibaraza kilichofungwa, hata mvua ikinyesha. Mtungi ulisimamishwa wima. Akachukua maji ya sabuni, akapaka kwenye maungio ya mpira wa gesi, akafungua mtungi. Alisema ukiona mapovu yanafura, gesi inavuja, funga na uite fundi. Mapovu hayakufura.

"Sasa fungua mfuniko kwanza, mzee, ndipo uwashe," alimwambia. "Ukiwasha umefunika, gesi inajikusanya, itakulipukia. Likikataa kuwaka, funga gesi, subiri dakika tano, ujaribu tena."

Na kuhusu moto wa mafuta alirudia mara kadhaa: kufunga gesi, kufunika, kukaa mbali, na kamwe kutomwaga maji. Kaka aliutazama mkono wake wenye bandeji, akasema hilo halisahau tena.

Ndugu walikuja mwezi uliofuata, kama binti alivyosema. Ua ulijaa. Kaka alisimama mbele ya jiko lake dogo, vichomeo vyote vitatu vinawaka, shati limefungwa vifungo vyote. Awamu ya kwanza ilikuwa ya watoto na wazee. Ya pili ya wengine. Ya tatu ya waliochelewa na wenye njaa za makusudi, na wote walipata. Mboga niliandaa mimi. Niliingia jikoni kwa wifi kutafuta kisu, na nilitoka haraka. Siku ile watu walikula vizuri, lakini hakuna aliyecheka kwa sauti. Kila mtu alijua nani hayupo.

Watu walipopungua, binti alikaa karibu na baba yake kwenye benchi.

"Sitaki kuondoka hapa," kaka alisema kabla hajaulizwa.

"Baba, kupika leo umepika, nimeona. Mimi naogopa siku zile ambazo hatupo. Naogopa nipigiwe simu niko kazini, niambiwe umekutwa."

Binti akajifuta macho kwa mkono wa blauzi. Alisema atampa muda. Kila jioni atapiga simu, na atataka ukweli. Siku akisikia hajala mara mbili mfululizo, atakuja na gari. Usiku ule sikulala vizuri.

Jioni ya kesho yake nilipotoka kazini nilipita kwa kaka. Ua ulikuwa mtupu. Kichomeo kimoja tu kilikuwa kinawaka, cha kushoto. Paja la kuku lilikuwa upande wa kulia, kusiko na moto, mfuniko umefungwa, linaiva taratibu bila kuungua. Alilitoa, akalipasua akaona limeiva mpaka mfupani, akakaa kwenye benchi na sahani mapajani. Alikula bila haraka. Nilikaa kando yake, nikiogopa kumkatisha.

Simu ikalia. Alikuwa binti.

"Nimekula," kaka alimwambia. Binti hakuamini, akaomba aongee na mimi. Nikamwambia ni kweli, nimeona kwa macho yangu, sahani ina mfupa mtupu. Kaka akanyoosha mkono kuichukua tena simu yake.

"Na wewe, mwanangu," alimuuliza, "umekula?"

Upande wa pili nilimsikia binti analia, analia kweli, kama siku ile ya mazishi.

"Bado, Baba."

"Basi kata simu," kaka alisema. "Nenda ukale."