Kichwa ni cha Mwatima

Kila siku baada ya sala ya alasiri, watoto wa Vitongoji, kisiwani Pemba, huenda chuoni kwa Bi Mwatima. Hukaa barazani juu ya mkeka, wakasoma Kurani kwa sauti. Bi Mwatima hahitaji kushika msahafu. Kurani yote ameihifadhi tangu alipokuwa msichana. Mtoto akikosea herufi moja, humsikia hata akiwa jikoni anakuna nazi.

Mwaka mmoja jicho lake la kulia lilianza kufifia. Alinunua miwani Chake Chake, lakini haikusaidia. Kisha kichwa kikawa kinamuuma kila asubuhi, na mara nyingine alitapika. Watu wakasema ana shetani. Mumewe, Himid, hakuwasikiliza. Alimpeleka spitali. Wakapelekwa Unguja, kisha Dar es Salaam. Picha ikaonesha uvimbe ndani ya kichwa, karibu na mshipa wa fahamu wa jicho.

Madaktari walimpasua, wakautoa uvimbe. Kipande kidogo walikiacha kwa sababu kilishikana na ule mshipa.

"Uvimbe huu si saratani," daktari alisema, "lakini unaweza kukua tena. Utahitaji mionzi."

Siku ya kupanga mionzi, Bi Mwatima aliambiwa asubiri nje. Himid na kaka yake, Ngwali, wakaingia kwa daktari. Hawakukaa sana.

"Tumemaliza," alisema Ngwali kwa furaha. "Utapigwa mionzi kichwa kizima. Wiki mbili tu! Daktari ametuonea huruma kwa vile tunatoka mbali. Twende nyumbani tukajitayarishe, turudi mwezi ujao."

"Kichwa kizima cha nani?" aliuliza Bi Mwatima.

"Chako, shemeji."

"Na mie mbona sikuulizwa?"

Himid alitazama chini. Ngwali akacheka kidogo. Bi Mwatima hakucheka.

Walipofika Vitongoji, alikwenda moja kwa moja kwa jirani yake, Bi Mwanawema. Bibi huyu ni nesi mstaafu. Alifanya kazi miaka mingi Dar es Salaam, katika wodi ya wagonjwa wa mionzi.

"Kichwa kizima kwa kipande kimoja cha uvimbe?" Bi Mwanawema alishangaa. "Walikwambia kwa nini?"

"Mie? Waliambiwa wanaume."

"Alaa! Basi nisikilize mimi. Mionzi huioni, wala haiumi inapopita. Inaua uvimbe, lakini inaweza kudhuru pia sehemu za ubongo zisizo na ugonjwa. Ndiyo maana zipo njia mbalimbali. Kuna kupiga kichwa kizima. Mara nyingi ni kwa mtu ambaye saratani imemtapakaa sehemu nyingi za ubongo. Inawasaidia wengi, lakini baadhi yao hupungukiwa na kumbukumbu."

Bi Mwatima alishika kifua. "Kumbukumbu? Yaani Kurani yangu ingeweza kunipotea, na hakuna aliyeniuliza?"

"Subiri. Kuna pia kuulenga uvimbe wenyewe tu. Wengine hupewa dozi kubwa siku moja. Wengine hupewa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ipi inakufaa wewe, mimi siwezi kusema. Mimi si daktari, na picha zako sijaziona. Lakini una haki ya kuuliza. Uvimbe wangu ni wa aina gani? Njia zipo ngapi? Kila moja ina faida gani na madhara gani? Kwa nini mmenichagulia hii?"

Ngwali aliposikia alikasirika. "Daktari hafundishwi kazi!"

"Kuuliza si kumfundisha," alijibu Bi Mwatima. "Na wewe Ngwali, ulikubali jambo usilolijua, kwa kichwa kisicho chako."

Himid alisema kwa sauti ndogo, "Nilidhani wiki chache ndiyo bora kwako. Nimekosa, Mwatima. Tutakwenda, na utaingia wewe."

Walirudi Dar es Salaam. Bi Mwatima aliingia mwenyewe, akakaa kwenye kiti mbele ya daktari.

"Mama, mumeo nimeshamweleza," alisema daktari.

"Uvimbe hauko kwa mume wangu."

Aliuliza maswali yake yote. Daktari alizitazama picha tena, kisha akamwita daktari bingwa. Bingwa alikuwa mama wa makamo. Alizichunguza picha kwa makini.

"Kichwa kizima hakihitajiki," alisema. "Tutalenga hapa tu. Dozi kubwa ya siku moja haifai, kwa sababu inaweza kuua jicho. Tutakupa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, kama wiki sita. Utachoka, na nywele zitanyonyoka upande huu. Madhara mengine yanaweza kuja baadaye, kwa hiyo tutakufuatilia. Unakubali?"

"Sasa nimeulizwa," alisema Bi Mwatima. "Nakubali." Akamgeukia yule daktari wa kwanza. "Kwa nini hukuniambia haya?"

"Niliona mnatoka mbali, mama. Nilitaka mmalize upesi."

"Ningekaa hata miezi sita. Ungeniuliza!"

Daktari aliomba radhi mbele ya bingwa.

Kila siku ya tiba alivalishwa kinyago cha plastiki chenye matundu ili kichwa kisitikisike. Hakusikia maumivu. Alichoka sana, na Himid alimpikia uji na kumfulia nguo.

Mwaka uliofuata picha ilionesha kuwa uvimbe haujakua. Jicho halikurudi kama zamani, lakini halikupofuka. Na chuoni, mtoto akikosea herufi, bado humsikia.

Jamaa humwambia, "Shukuru Mungu, yasahau yaliyopita."

"Nashukuru usiku na mchana," hujibu. "Lakini sisahau. Wangapi hawakuuliza?"

Siku moja alimjia Bi Kijakazi kutoka Chokocho. Naye alikuwa na uvimbe kama ule, na mwanawe wa kiume alikuwa ampeleke spitali. Bi Mwatima alimfundisha maswali, moja baada ya jingine, mpaka akayashika.

"Na wakiniambia nikae nje?" aliuliza Bi Kijakazi.

"Usikae."