Aliyemfundisha Mzee

Hebu nikutegee, wewe unayenisikiliza. Akili ikiwepo, hakuna anayekitaka. Akili ikiondoka, hakuna anayekipata. Ni kitu gani hicho? Usikimbilie kujibu, fikiri. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni hati ya uwakilishi, karatasi ambayo kwayo mtu mwenye akili timamu humpa mwenziwe mamlaka ya kumsainia na kumsimamia mambo yake. Wengi huikumbuka maji yakishawafika shingoni.

Binti mmoja, mshona mapazia, wateja wake walimwita Fundi. Baba yake alikuwa ameanza kusahau: leo miwani, kesho jina la marehemu mkewe. Kaka yake Fundi, wa mama mwingine, akasema nyumba iuzwe, mzee apelekwe makao ya wazee. Fundi akaona heri aitafute hati ile mapema. Akaenda kutoa nakala kwenye duka la fotokopi mkabala na mahakama, watu wamebanana kama njiti za kiberiti, joto la mashine linawapanda usoni.

"Dada, una nyuzi mgongoni," sauti ikasema nyuma yake. "Ukitembea unatushonea njia."

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi hadi kola inakata, tai fupi kama ulimi wa mbuzi.

"Na wewe tai imekuishia kitambaa. Njoo dukani nikuongezee."

Kijana akaenda kweli. Alikuwa karani wa wakili, ghorofa ya juu ya duka lile la fotokopi, na wakili wake ndiye aliyekuja kuandaa hati ya mzee. Ikawa simu asubuhi, simu jioni.

"Umekula, mpenzi?" Fundi humuuliza.

"Nimekula sauti yako. Bado nina njaa."

"Acha maneno ya redioni, wewe. Kula chakula."

Jioni moja Karani alipopiga, alisikia kilio tu.

"Baba leo ameniuliza mimi ni mgeni wa nani," Fundi akasema. "Wakili atamhoji, atamkataa. Naogopa."

 Kazi ya Karani ilimkataza, moyo ukamsukuma.

"Sikiliza, mpenzi. Huanza na leo ni siku gani. Halafu una watoto wangapi, halafu nyumba ni ya nani, halafu unataka nani akusimamie. Anapima kama mzee anaelewa anachosaini. Mfundishe taratibu, kama wimbo. Lakini hukusikia kwangu."

Fundi akamfundisha baba yake. Kila asubuhi, akimfungulia pazia, akimfunga vifungo: Jumatano, wawili, yangu, binti yangu. Mzee akaushika kama mtoto anavyoshika wimbo.

Jumatano ya miadi ikafika. Mzee ameogeshwa, amevaa koti lake la buluu. Wakili, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, akaketi mbele yake. Karani amesimama na jalada kifuani. Sasa angalia mambo ya dunia: siku hiyo wakili akaanzia katikati.

"Mzee wangu, nyumba hii ni ya nani?"

"Jumatano," mzee akajibu, uso umemchanua kama mwanafunzi aliyepata.

"Unataka nani akusimamie?"

"Wawili."

"Una watoto wangapi?"

"Yangu."

Wakili akavua miwani. "Na leo ni siku gani, mzee?"

"Binti yangu."

Kalamu ikafungwa. "Nani amemfundisha mzee?" wakili akauliza.

Fundi akamtazama Karani. Karani akatazama viatu vyake.

"Basi," wakili akasema polepole, "siwezi kumsainisha. Na mahakama ikiniuliza, nitasema nilichokiona."

Jioni simu ikaita mara nyingi kabla Fundi hajaipokea.

"Ningefukuzwa kazi, mpenzi. Nielewe."

"Mimi nafukuzwa kwa baba yangu."

"Nipe muda."

"Muda? Muombe baba, kama anao."

Akakata. Tangu hapo hakupokea tena.

Angefanya nini, maskini? Kusaini hawezi, kuzuia hawezi. Kaka alishapeleka ombi mahakamani awe msimamizi, na akaanza kuleta wanunuzi. Wanapima vyumba kwa hatua huku mzee akiwakaribisha viti. Wimbo tu ndio uliobaki. Kila asubuhi pazia likifunguliwa, mzee huimba: Jumatano, wawili, yangu, binti yangu. Kisha humgeukia Fundi kwa adabu, "Samahani dada, umemwona binti yangu?"

"Anakuja, baba," Fundi humjibu, na kuendelea kumfunga vifungo.

Siku ya kesi, wakili alieleza alichokiona. Kaka akasimama, suti inang'aa.

"Mheshimiwa hakimu, dada yangu ni mjanja. Alimkaririsha mgonjwa ili ajipatie nyumba. Mtu kama huyo atamleaje?"

Hakimu akamgeukia Fundi. "Maswali ya wakili uliyapata wapi?"

Fundi alivaa gauni jeusi alilolishona mwenyewe, mikono imeshikana mbele. Hakugeuka nyuma, ingawa alijua nani amekaa benchi la mwisho.

"Nilibahatisha tu, mheshimiwa."

"Ulibahatisha yote manne, kwa mpangilio wake?"

Fundi akalinyoosha gauni lake.

"Nauliza mara ya mwisho. Nani alikupa?"

Fundi akainamisha kichwa. Nyuma yake benchi likalia.

"Kaa chini," wakili, aliyeketi kando ya Karani, akanong'ona kwa ukali. "Utapoteza kazi, na nyumba hataipata vilevile."

Karani hakukaa. Sauti yake ilifika mbele.

"Mimi, mheshimiwa. Hakuniomba. Alikuwa analia kwenye simu, na mimi sikuwa na kingine cha kumpa."