Mgongo wa Mwalimu wa Migongo

Nyumbani kwao Tayari, siku ilianza kwa mgongo. Kabla ya chai, na pengine kabla salamu hazijaisha, baba alipita sebuleni akikagua jinsi watu walivyokaa.

"Mke wangu, mabega hayo. Na wewe binti, usikae kama ndoano."

Baba alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Alifundisha tiba ya viungo, ile ambayo wengi huiita fiziotherapia. Wanafunzi wake walijifunza namna ya kumsaidia mtu aliyevunjika, aliyeteguka au aliyepooza mpaka arudi kutembea. Lakini somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa mgongo. Wanafunzi walimpa jina la Mgongo Wima, nao walidhani hajui. Alijua, tena moyoni alilifurahia.

Binti yake wa miaka kumi na miwili naye alikuwa na jina la utani, Tayari, na jina lenyewe alijitafutia. Ukimuuliza kama ameosha vyombo, alijibu, "Tayari!" Ukimuuliza kama amefanya hesabu, "Tayari!" Ukienda kuangalia, unakuta vyombo bado vinaelea kwenye beseni, na daftari la hesabu ni jeupe kama yai. Hakuwa mtoto mbaya. Aligundua tu kwamba neno hilo moja lilimpatia nafasi ya kucheza, na kazi angeimaliza baadaye kabla mtu hajachungulia.

Likizo moja, sebule yao ilikuwa inapakwa rangi. Vitabu vya baba vilikuwa vimejazwa ndani ya sanduku kubwa la mbao, na sanduku lilikuwa limeziba ukuta ambao fundi rangi aliutaka.

"Mwanangu," baba alisema asubuhi akitoka, "toa vitabu vyote, uvipange kwenye rafu ya chumbani kwako. Nikirudi mchana nitalisogeza sanduku."

Tayari alianza vizuri. Alitoa vitabu vichache vyembamba, akavipanga. Kisha akafikia kile kinene cha mifupa, ambacho ukikiangusha jirani anatoka nje kuuliza kuna nini. Wakati huohuo akasikia wenzake wanaruka kamba uani. Akakitazama kitabu, akalitazama dirisha. Akatandaza kitambaa juu ya vitabu vilivyobaki, akafunika sanduku, huyo nje.

Baba aliporudi, mama alikuwa bado kwenye duka lake la kushona nguo. Fundi rangi alikuwa amekwenda kula.

"Vitabu umeshatoa?" baba aliita.

"Tayari!" alijibu binti kutoka uani, kamba bado inazunguka.

"Basi njoo nikuonyeshe namna ya kunyanyua kitu. Hata kitu chepesi kina heshima yake."

Tayari aliingia huku akikunja kamba. Alitaka kusema, "Subiri kwanza, baba," lakini baba alikuwa ameshaanza mhadhara, na baba akianza mhadhara hata saa ya ukutani husikiliza. Alitanua miguu, akakunja magoti, akanyoosha mgongo.

"Unaona? Magoti, si kiuno. Sasa kwa kuwa ni tupu, unalinyanyua tu, kama mto wa kulalia."

Akalinyanyua kama mto wa kulalia. Sanduku halikusogea. Kilichosogea kilikuwa kitu kingine, mahali fulani chini ya mkanda wa suruali.

"Kha!" alisema baba, akabaki ameushika mkanda huo.

Tayari alimshika mkono, wakaenda chumbani polepole kama maarusi. Baba alipojilaza, binti alirudi mbio sebuleni, akavitoa vitabu vyote na kuvirundika nyuma ya kochi lililofunikwa shuka la kuzuia rangi. Hajawahi kufanya kazi kwa kasi ile maishani mwake. Alikuwa bado anahema baba alipotokea mlangoni, ameushika ukuta. Baba alilisukuma sanduku kwa ncha ya kiatu. Likateleza sakafuni bila ubishi.

"Tupu kabisa," alisema, na uso wake ukaanguka. "Sanduku tupu limenishinda mimi, mwalimu wa migongo!"

Tayari alifungua mdomo. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, kisha yakageuza njia.

"Sikiliza, mwanangu," baba alinong'ona. "Usimwambie mama. Wala mtu yeyote. Watu watacheka mpaka wakose pumzi."

"Sawa, baba," alisema Tayari. Hivyo ndani ya nyumba moja kukawa na siri mbili, moja imelala juu ya nyingine.

Jioni hiyo baba alikula akiwa amesimama.

"Leo umeajiriwa ulinzi?" mama aliuliza.

"Chakula hushuka vizuri mtu akisimama," alijibu baba. "Kuna utafiti."

"Na kijiko kilichoanguka, utafiti unasemaje? Maana umekitazama tangu tuanze kula."

Tayari aliinama chapuchapu akakiokota. Mama aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama anayeangalia nguo ambayo mshono wake umekwenda upande.

Kesho yake baba alikuwa na kipindi cha vitendo chuoni. Alimwomba Tayari afuatane naye ili ambebee mkoba. Njiani alitembea wima kama mlingoti, na ndani ya basi, kila lilipopita kwenye shimo, alifumba macho.

"Baba, inauma sana?"

"Maumivu si kitu. Ninachowaza ni lile sanduku. Mgongo unaoshindwa na sanduku tupu una ugonjwa mkubwa ndani yake, mwanangu. Labda nijiandae kuacha masomo ya vitendo, nifundishe ya kukaa tu." Akajikanda kiuno. "Na hata kukaa kwenyewe siwezi."

Tayari alihisi mkoba umeongezeka uzito. Alikuwa anamfahamu baba yake. Masomo ya vitendo kwake yalikuwa kama maji kwa samaki.

Chumba cha vitendo kilikuwa kikubwa, chenye vitanda vyembamba, mipira mikubwa ya mazoezi, na mifupa ya plastiki iliyoning'inizwa pembeni ambayo wanafunzi waliiita Babu. Wanafunzi walisimama kulizunguka fungu la mifuko ya mchanga. Baba alimweka Tayari kwenye kiti karibu na Babu, kisha akaeleza kwa mdomo namna ya kunyanyua mzigo. Alieleza vizuri sana, akaeleza tena, akaeleza mara nyingine. Hakugusa kitu.

Kiranja wa darasa, dada mmoja mwenye miwani na maswali yasiyoisha, alinyoosha mkono. "Mwalimu, tumeelewa kwa masikio. Tuonyeshe kwa macho."

"Nionyeshe? Si ninyi mnajua?"

"Kila siku unatuambia kwamba asiyeonyesha hajafundisha."

Hapo mwalimu alinaswa na ulimi wake mwenyewe. Alisogelea mfuko mdogo kuliko yote, akatanua miguu, akashuka. Kushuka alishuka. Kupanda kulikataa. Alibaki katikati, mikono inaning'inia, makalio yameelekea dirishani.

Wanafunzi walisubiri. Walipoona hasemi kitu, walidhani ndiyo somo lenyewe, nao ni watu wenye bidii. Mmoja akainama vilevile. Wa pili naye akainama. Punde darasa zima likawa limeinama, kila mtu mikono inaning'inia, kama watu waliopoteza sindano moja.

"Mwalimu," alisema kijana mrefu wa nyuma, ambaye kwa urefu wake alikuwa na safari ndefu kufika chini, "tukae hivi mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposema."

"Lakini wiki iliyopita ulisema tusipinde mgongo."

"Huu... huu ni mfano wa makosa."

"Mbona unatoka jasho?"

"Mfano mzuri hutoka jasho."

Tayari hakujua acheke au alie. Aliona tone la jasho likidondoka kutoka puani mwa baba. Hapo akaruka kutoka kwenye kiti, nusura amwangushe Babu.

"Si mfano!" alipiga kelele. "Baba ameumia! Hawezi kunyooka!"

Darasa zima likanyooka kwa pamoja. Wakamshika mwalimu wao kwa mikono iliyofundishwa na yeye mwenyewe, wakamlaza ubavu kitandani. Kiranja alivuta kiti, akaketi kichwani pake, akavaa sura ya kazi.

"Pole sana, mwalimu. Sasa wewe ni mgonjwa, na sisi tutakuuliza kama ulivyotufundisha. Miguu ina ganzi?"

"Haina."

"Unaweza kusogeza vidole?"

Mwalimu alivua kiatu kwa mguu wa pili, akavichezesha vidole. Soksi ilikuwa na tundu, lakini darasa liliheshimu.

Kiranja akakohoa. "Samahani, mwalimu, kwa mgonjwa wa mgongo hili nalo lazima. Haja ndogo inatoka vizuri?"

Darasa zima lilisogea karibu. Wote walitaka kujua.

"Inatoka," alisema mwalimu, akiutazama ukuta.

"Tumshukuru Mungu. Na maumivu yalianza ukifanya nini?"

Mwalimu alivuta pumzi. "Nilinyanyua sanduku."

"Lilikuwa na nini ndani?"

"Halikuwa na kitu. Lilikuwa tupu."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtisha Tayari kuliko kicheko. Wanafunzi walitazamana, na kiranja akaivua miwani, akaifuta taratibu.

"Mwalimu, ulitufundisha kwamba mgongo ukiumia bila sababu ya kutosha, tusiuguse. Tutafute kwanza kama kuna ugonjwa uliojificha kwenye mifupa. Inabidi twende hospitali ukapimwe. Na kipindi hiki cha vitendo tumwombe mkuu wa idara atupe mwalimu mwingine, kwa muda."

"Najua," baba alisema kwa sauti ndogo. "Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo. Labda mwili umechoka, wanangu."

Tayari hakuwahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya kisima. Maneno yalifika tena kwenye meno, na safari hii hayakugeuza njia.

"Halikuwa tupu," alisema.

Nyuso zote zikamgeukia.

"Vitabu vilikuwamo. Nilitoa vichache tu, nikafunika na kitambaa nikaenda kuruka kamba. Baba aliponiuliza, nikasema tayari. Halafu baba alipoumia nikavitoa haraka nikavificha nyuma ya kochi. Nisamehe, baba. Niliogopa."

Machozi yakamtoka. Baba alinyanyua kichwa.

"Vitabu vyote?"

"Karibu vyote."

"Hata kile cha mifupa?"

"Hata kile."

"Na juzuu zile za misuli?"

"Zilikuwa chini kabisa, baba."

Baba alilaza kichwa. Mabega yakaanza kutikisika. Tayari alidhani analia, kumbe ni kicheko kilichokuwa kinatafuta njia ya kutokea. "Juzuu za misuli! Ule ni mzigo wa punda! Basi mimi ni mzima! Aah, msinichekeshe, inauma!"

Darasa likaangua kicheko ambacho lilikuwa limekibana tangu kwenye soksi. Kiranja alipiga meza kuwatuliza.

"Sasa sababu ipo," alisema. "Mwili ulijiandaa kunyanyua mto, ukakuta jiwe. Misuli imeshtuka. Lakini mwalimu, mgonjwa aliyeumia jana akaja leo kunyanyua mfuko wa mchanga, wewe huwa unamwambiaje?"

Mwalimu aliacha kucheka. "Namwambia ana kichwa kigumu kuliko mgongo wake."

"Basi umejiambia."

Walimfundisha kuinuka bila kuukaza mgongo, wakamtembeza chumbani mbele ya Babu, hatua ndogondogo. Walimkataza kulala kitandani siku nzima, wakamkataza pia kunyanyua vitu vizito mpaka maumivu yatulie. Kila walichomwambia alikuwa amekisema yeye mara nyingi, lakini alikisikiliza kama kitu kipya.

Waliporudi nyumbani, mama alikuwa amewatangulia. Alikuwa ameketi kwenye kochi, na mapajani mwake kulikuwa na kitabu kinene cha mifupa.

"Nimekuja kukunja shuka, nikakuta maktaba nyuma ya kochi," alisema. "Nani ataanza kunieleza?"

"Mimi," alisema Tayari, akamweleza yote, bila kuruka hata kamba. Baba naye akaeleza ya kwake, pamoja na ule utafiti wa chakula cha kusimama. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilijua tangu kijiko," alisema. "Mwanamume aliyezoea kunifundisha kuinama, jana hakuinama hata kuokota kijiko. Nilitaka nione mtafika wapi."

Baba alimwita Tayari karibu. Hakuwa na hasira, lakini wala hakuwa anatania tena.

"Binti yangu, uongo ni mzigo uliofunikwa kitambaa. Anayeufunika anajua ulivyo mzito. Anayekuja kuunyanyua hajui, ndiyo maana anaumia. Wewe ulitaka kuruka kamba kidogo tu, nami karibu niache kazi ninayoipenda. Kazi ikiwa bado, sema bado. Hakuna mgongo uliowahi kuvunjwa na neno bado."

"Nimeelewa, baba."

"Na mimi nina langu. Nilikuomba uifiche siri yangu, kwa kuwa niliogopa kuchekwa. Mtu mzima hampi mtoto mzigo wa namna hiyo. Nikajificha mbele ya wanafunzi wangu wenyewe, na kidogo nijimalize. Mgonjwa anayemdanganya tabibu wake hutibiwa ugonjwa wa mtu mwingine. Nisamehe na wewe."

"Mkimaliza kusameheana," mama alisema akiinuka, "kuna vitabu vinahitaji kwenda kwenye rafu."

Tayari alivibeba vitabu kidogokidogo, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, huku baba akizunguka sebuleni kwa hatua ndogondogo kama alivyoagizwa na wanafunzi wake. Wenzake walimwita kutoka uani waruke kamba. Alichungulia dirishani akawaambia waendelee, yeye angekuja baadaye. Jua lilipoanza kupungua, rafu ilikuwa imejaa, na juzuu za misuli zilikuwa zimepangwa safu ya katikati, usawa wa kiuno, mahali ambapo mtu angezifikia bila kuinama.